Chanzo cha ayoni si kiberiti

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi kuhusu umeme wa kuunganisha viini vya atomu ilisomwa na kujadiliwa sana hapa Tudor, na tunawapongeza kwa kuipa kurasa mbili nzima. Ila kuna sentensi moja iliyotufanya tushike kalamu. Mwandishi wenu alisema vile vifaa vya kupasha joto plazma, yaani gesi ya moto ambayo atomu zake zimeachana na elektroni, ni kiberiti tu, na kwamba kikishawashwa kazi iliyobaki ni ya pete kubwa ya sumaku. Mambo yako kinyume. Pete ilishachorwa, vipande vyake vinaunganishwa kule Cadarache, kusini mwa Ufaransa, na hicho kiberiti bado kinawatoa watu jasho Garching na Padua. Shida zake nyingi ni za koili, kauri, maji, ombwe na redio, vitu ambavyo mafundi wa mji huu wanavishika kila siku. Ndiyo maana tunaomba nafasi tuzieleze kwa kirefu.

Neno moja kwanza kwa wasomaji wa Kilifi. Mtambo uliokuwa ukipangiwa Uyombo ni wa kupasua viini vya urani. Haya tunayoandika ni ya kuunganisha viini vya haidrojeni. Ni somo jingine kabisa, tusichanganye.

Plazma ya ITER, mtambo wa kimataifa wa kuunganisha viini unaojengwa huko Cadarache, inatakiwa kufika nyuzi milioni 150 za selsiasi. Mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazma yenyewe huipasha kwa kiasi fulani, halafu unashindwa, kwa kuwa plazma ikizidi moto ukinzani wake hupungua, na kitu kisicho na ukinzani hakipashiki kwa mkondo. Hapo inahitajika nguvu kutoka nje, na njia mojawapo ni kurusha ndani chembe zenye kasi kubwa kuliko zilizomo. Tatizo ni geti. Uga wa sumaku unaoizuia plazma isitoke ndio huohuo unaozuia chembe yenye chaji isiingie. Inageuzwa kama lori lenye mzigo usio na karatasi kwenye geti la Kilindini. Chembe isiyo na chaji hupita kama lori tupu. Basi unaipa chembe chaji ili umeme upate pa kuishika, unaisukuma hadi kasi unayoitaka, kisha unaivua chaji kabla haijafika getini. Ikishaingia inagongana na wenzake, inapoteza elektroni, inanaswa na sumaku, na joto lake linabaki humo.

Mitambo ya zamani, kama JET ya Culham, Uingereza, iliyomaliza kazi Desemba 2023, ilitumia ayoni chanya, yaani atomu iliyonyang'anywa elektroni. Unaipitisha kwenye gesi, inaokota elektroni njiani, inatoka haina chaji. Kwa chembe zilizosukumwa na volti laki moja hivi, mpango huo unafanya kazi. Lakini plazma ya ITER ni pana, na boriti, yaani mkondo wa chembe zinazorushwa, ikiwa ya kasi ndogo ingeishia ukingoni. Ili ifike katikati inahitaji volti milioni 1, na kwa kasi hiyo ayoni chanya hupita kwenye gesi mbio mno hata haiwahi kuokota kitu. Karibu yote ingetoka na chaji yake vilevile. Ayoni hasi ina tabia tofauti. Imebeba elektroni moja ya ziada iliyoshikwa kwa elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 0.75 tu, na kuipukutisha ni kazi ndogo hata kwa kasi kubwa. Takriban asilimia 60 ya boriti hutoka ikiwa imevuliwa chaji. Kwa hiyo ITER itatumia ayoni hasi za deuteriamu, haidrojeni nzito. Wepesi huo wa kupukutika ndio unaookoa mpango, na ndio unaoleta karibu kila balaa tutakayoitaja.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mtambo wa boriti unatakiwa uingize megawati 16.5 kwenye plazma, kwa sekunde 3,600 bila kukatika, saa nzima. Unaanza na ampea 40 kwa volti milioni 1, ambazo ni megawati 40. Tofauti yake inapotea kwa ayoni zisizovuliwa chaji na kwa zile zinazogonga kuta. Ampea hizo 40 zinatoka kwenye sanduku la ukubwa wa mlango wa nyumba, upana karibu mita 1 na urefu karibu mita 2, kupitia matundu 1,280 yenye kipenyo cha milimita 14 kila moja. Gesi ndani ya sanduku isizidi paskali 0.3, chini ya sehemu moja ya laki tatu ya hewa tunayovuta. Ikizidi, ayoni hasi hugonga molekuli ya gesi kabla haijamaliza kusukumwa, elektroni yake hupukutika papo hapo, na chembe hubaki njiani na kasi pungufu isiyomfaa mtu. Hata kwa hizo paskali 0.3, karibu asilimia 30 ya ayoni hupotea hivyo.

Plazma ya kutoa ayoni hizo inawashwaje? Japani, kule Naka na Toki, walitumia nyuzi za tangsteni zinazong'aa kama balbu ya zamani na kutema elektroni. Njia hiyo imefanya makubwa. Ubaya wake ni uleule wa balbu: uzi hulika, hukatika, lazima ubadilishwe, na mvuke wake unachafua kuta. Kwenye mtambo utakaokuwa na mnururisho hutaingia na bisibisi mkononi. Kila uzi utabadilishwa na mkono wa mashine unaoendeshwa kutoka mbali. Garching, Ujerumani, taasisi ya Max Planck ya fizikia ya plazma ilikuwa imeshaanza kutumia masafa ya redio kwenye mtambo wake wa ASDEX Upgrade katika miaka ya 1990, kwa ayoni chanya. Mwaka 2007 ITER ikaichukua njia hiyo iwe chaguo lake la ayoni hasi. Hakuna uzi, kwa hiyo hakuna cha kuungua. Kwenye karatasi, angalau.

Kiungo chenyewe tukiite kopo. Chukua silinda ya kauri ya alumina yenye kipenyo cha sentimita kama 28. Izungushie bomba la shaba mara sita hadi nane, pitisha maji ndani ya bomba, kisha lipe umeme wa redio wa megahezi 1, hadi kilowati 100. Koili ni upande wa kwanza wa transfoma, na gesi iliyomo ndani ya kauri ni upande wa pili wenye mzunguko mmoja tu. Makopo manane ya namna hiyo yanapangwa nyuma ya sanduku, mawili mawili kwa safu nne, jumla kilowati 800.

Fundi wa redio ataona tatizo la kwanza mara moja. Koili ya maikrohenri 10 kwenye megahezi 1 ina kizuizi cha omu 63. Ipitishe ampea 200 na kati ya ncha zake mbili kuna volti 12,000 na zaidi. Mkondo huo nao hausafiri ndani ya shaba, unatambaa kwenye ngozi yake, kina cha maikromita 66. Bomba tupu linatosha kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo kiungo kilichochomelewa vibaya kinageuka jiko.

Ndani ya kauri kuna ngao ya Faraday, kikombe cha shaba chenye mipasuo myembamba inayofuata urefu wa silinda. Bila ngao, volti za koili zingeivuta plazma igonge kauri na kuila polepole. Mipasuo inaruhusu uga wa sumaku uingie na kuuzuia ule wa umeme. Ukiisahau, kikombe kinakuwa mzunguko mmoja uliofungwa na kinameza nguvu yote. Hata ikiwa imepasuliwa vizuri, karibu nusu ya nguvu ya redio ndiyo inayofika kwenye plazma. Iliyobaki inapasha shaba na maji. Kuna na ayoni chanya zinazorudi nyuma kutoka kwenye kisukumizi, sehemu yenye volti inayoipa boriti kasi, kwa nguvu kubwa na kuchimba shaba ya mgongo wa kopo. Shaba hiyo ikiruka na kutua kwenye gridi, bati lenye matundu ya kutolea ayoni, inaharibu uso ambao, kama tutakavyoeleza, ndio unaozaa ayoni. Kwa hiyo nyuso hizo hupakwa molibdeni, ambayo haichimbiki kirahisi.

Tuje Padua, Italia. Huko kuna SPIDER, chanzo cha ukubwa kamili wa ITER, kilichoanza kazi 2018. (Wataalamu wa nchi hiyo si wageni kwetu: wao ndio waliorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.) Kwenye BATMAN, chanzo cha majaribio cha Garching ambacho ni kidogo mara nane, koili ilikaa nje kwenye hewa ya kawaida. Hewa ya kawaida ni kihami kizuri; cheche inahitaji volti kama 3,000 kwa kila milimita. SPIDER iliwekwa chanzo chote ndani ya tangi la ombwe, kama itakavyokuwa ITER. Tatizo ni kwamba gesi inayovuja kwa matundu 1,280 haiishii hewani. Inazunguka tangi zima na kuja mgongoni mwa makopo, palipo na koili zenye maelfu ya volti.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Watu hudhani kadiri ombwe linavyokuwa zuri ndivyo cheche zinavyopungua, kama mstari ulionyooka. Sivyo. Hewa ikiwa nzito, elektroni hugongana kila hatua na haipati mbio za kutosha kuvunja molekuli. Ikiwa haipo kabisa, elektroni hupita bila kukutana na mtu. Katikati kuna bonde la hatari, ambapo elektroni hupata nafasi ya kuchanganya miguu na bado ikakuta molekuli za kuvunja. Umeme wa redio unaliongezea bonde hilo upana, kwa kuwa elektroni hurushwa huku na huko bila kufika ukutani. Gesi ya tangi la SPIDER ilipopanda, plazma iliwaka mahali isipotakiwa, nje ya makopo, ikianzia pale chuma, kauri na ombwe vinapokutana. Dawa ya muda iliyotumika ilikuwa ya fundi yeyote mwenye akili: wakaziba matundu. Kwa muda mrefu chanzo kiliendeshwa na matundu 80 tu kati ya 1,280, ili gesi ivuje kidogo. Mwishoni mwa 2021 kilisimamishwa kwa marekebisho makubwa, na kikarudi kazini 2024.

Kosa la pili lilikuwa la redio tupu. Nguvu ilitoka kwenye osileta (vifaa vya kuzalisha mawimbi ya redio) za valvu kubwa za tetrodi, kilowati 200 kila moja, ambazo hujichagulia masafa kutokana na saketi iliyounganishwa nazo. Ila saketi yenyewe ni mbili zilizoshikana, ya osileta na ya koili pamoja na kapasita zake, na saketi mbili zilizoshikana huwa na masafa mawili zinayoyapenda. Unarekebisha ili nguvu yote ifike kwenye plazma, na pale unapokaribia shabaha osileta inaruka kwenda masafa ya pili. Nguvu inaanguka, plazma inazimika. Waliowahi kuhudumia transmita za mawimbi ya kati wanaujua mchezo huu. Tiba yake ni amplifaya za transista: masafa yanatolewa na kifaa kidogo pembeni, amplifaya inatii, na saketi haina kura.

Bado hatujafika kwenye ayoni hasi zenyewe, maana plazma ya redio peke yake inazaa chache. Zinazalishwa kwenye uso wa gridi ya kwanza, ile yenye matundu. Atomu ya haidrojeni inagonga chuma na kuondoka na elektroni iliyoiokota hapo. Molibdeni haitoi elektroni zake kirahisi. Inadai zaidi ya elektronivolti 4 kwa kila moja. Ukiipaka utando wa seziamu wa unene wa atomu moja hivi, bei inashuka hadi karibu 2. Basi nyuma ya sanduku kuna tanuri dogo linalotoa mvuke wa seziamu kidogo kidogo, na gridi inawekwa kwenye nyuzi kama 150 ili utando usiwe mnene wala mwembamba. Kuta nyingine lazima ziwe na uvuguvugu, la sivyo seziamu inagandia kwenye kona za baridi na kulala huko.

Seziamu inayeyuka kwenye nyuzi 28.5. Mchana wa kaskazi hapa Mombasa, ndani ya chupa yake mezani, ingekuwa kimiminika cha rangi ya dhahabu hafifu. Usiifungue. Ikikutana na maji inalipuka, na unyevu wa hewa ya Pwani unatosha kuiwasha. Hata ndani ya ombwe mabaki ya mvuke wa maji yanaigeuza oksidi, na uso uliokuwa unazaa vizuri asubuhi unaweza kuwa tasa jioni. Kwa hiyo chanzo hakiwashwi leo kikatoa boriti leo. Kinazoezwa kwa siku kadhaa, pigo la sekunde chache baada ya pigo, hadi seziamu itandazike. Ikizidi inavuja kwenye kisukumizi na kuleta cheche.

Kisha kuna elektroni. Gridi inayovuta ayoni hasi kwa volti kama 10,000 inavuta elektroni pia, kwa sababu zote mbili zina chaji ya aina moja. Sharti la ITER ni kwamba zisizidi ayoni. Ili kuzipoza na kuzipunguza, mkondo wa maelfu ya ampea hupitishwa kwenye gridi yenyewe utengeneze uga wa sumaku wa militesla chache mbele yake. Zinazopenya hupindishwa na sumaku ndogo zilizofichwa ndani ya gridi ya pili na kumwagwa hapo, na gridi hiyo ndiyo inayolia. Kiwango cha joto inachoweza kuvumilia ndicho kinachoamua ni nguvu kiasi gani ya redio uthubutu kuweka. Ukitumia haidrojeni ya kawaida mambo yanakwenda. ELISE, chanzo kingine cha Garching chenye nusu ya ukubwa wa kile cha ITER, ilikaribia sana kiwango kinachotakiwa kwa pigo la sekunde 1,000. Ukibadilisha ukaweka deuteriamu, elektroni zinakuwa nyingi zaidi na zinaendelea kupanda kadiri dakika zinavyopita, kwa kuwa plazma yenyewe inahamisha seziamu kutoka gridi. Deuteriamu ndiyo itakayotumika.

Ya kisukumizi cha volti milioni 1 tunayaruka. Hiyo ni kazi ya MITICA, mtambo wa majaribio ulio jirani na SPIDER, nayo inadai barua yake. Tuseme tu kwamba kila kijiboriti kati ya hivyo 1,280 hakitakiwi kutawanyika zaidi ya miliradiani 7, yaani sentimita 7 kwa kila mita 10, na vyanzo vya redio hadi sasa vimeonyesha mtawanyiko mkubwa kuliko vile vya nyuzi.

Sasa, haya yanatuhusu nini Mombasa? Hatudai mji huu ujenge SPIDER. Tunasema chuo chochote cha ufundi, kuanzia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hadi vile vidogo, kinaweza kuwa na kopo moja la mezani, na mwanafunzi akikaa nalo muhula mmoja atajifunza umeme wa redio, ombwe na upoaji kwa namna ambayo ubao hauwezi kumfunza. Karibu kila kipande kinapatikana mjini. La kuagiza ni jenereta ya redio na labda geji ya kupima shinikizo.

Mwili ni bomba la kioo cha borosilikati, kipenyo milimita 60, urefu 300, na vifuniko viwili vya alumini vyenye mipira ya duara ya kuzibia. Pampu ni ile ya hatua mbili ya fundi wa friji. Ikiwa na mafuta mapya inafika paskali chache, na zinatosha. Gesi ni agoni ya wachomeleaji, ipite kwenye valvu ya sindano. Msianze na haidrojeni: ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 4 na 75 inawaka, na moshi wa pampu lazima utolewe nje ya chumba. Koili ni bomba laini la shaba la robo inchi, mizunguko mitano, kipenyo milimita 70, urefu 60. Itakuwa na maikrohenri 1.3 hivi. Isiguse kioo, achia milimita 5.

Masafa yawe megahezi 13.56, ambayo yametengwa kimataifa kwa kazi za viwanda. Megahezi 1 ya ITER inaangukia katikati ya mawimbi ya kati ya redio, na mtaa mzima utajua mmewasha. Wati 300 zinatosha. Kati ya jenereta ya omu 50 na koili kaa na kapasita mbili: moja sambamba, karibu pikofaradi 1,150, nyingine mfululizo na koili, karibu 115. Hesabu hiyo inachukulia kwamba koili na plazma kwa pamoja zina ukinzani wa omu 2. Hapo mkondo ni ampea 12 na kwenye koili kuna volti 1,400. Kapasita ya redio ya mfukoni haitafaa hapo. Ile ya mfululizo iwe ya hewa yenye nafasi pana kati ya bati, au ya ombwe. Ya sambamba inaweza kuwa ya maika ya 1,000, pamoja na ndogo ya kuzungusha. Waya wa ardhi uwe bapa na mpana, utepe wa shaba wa sentimita 5, kwa sababu ya ile tabia ya ngozi. Waya mwembamba mviringo kwa masafa hayo ni koili nyingine tu. Zungusheni vyote kwa wavu wa chuma uliofungwa pande zote. Mguso wa koili iliyo hai haukurushi kama stima ya ukutani. Unachoma ndani kwa ndani, na kidonda chake hakiponi upesi.

Vuteni hewa saa nzima kabla ya yote, kisha fungeni valvu ya pampu na mwandike geji kila dakika. Shinikizo likipanda kwa mstari mnyoofu, mna tundu. Likipanda halafu likainama, ni unyevu unaotoka kwenye kuta. Watu hupoteza siku nzima wakitafuta tundu ambalo ni maji. Hewa ya hapa inaacha maji kwenye kila uso mnaoufungua, na mafuta ya pampu yanageuka kama tui. Valvu ndogo ya hewa iliyo juu ya pampu iachwe wazi nusu saa ya kwanza, itatoa huo unyevu. Na kumbukeni geji ya waya moto imepimwa kwa hewa: kwa agoni, zidisheni inachosema kwa 1.7.

Wekeni agoni hadi paskali 10, anzeni na wati 50. Mtaona mwanga hafifu wa zambarau umeng'ang'ania kwenye koili. Huo ni umeme wa volti za koili, bado si transfoma. Pandisheni pole pole. Mahali fulani mwanga unaruka, unajaa bomba na kung'aa mara nyingi zaidi. Hapo ndipo plazma imekuwa upande wa pili wa transfoma. Wakati huohuo nguvu inayorudi kwenye jenereta inapanda ghafla, maana plazma imebadilisha mzigo wote. Rekebisheni kapasita ya mfululizo kwanza, ya sambamba baadaye. Nguvu inayorudi ikizidi sehemu moja ya kumi, shusheni kabla jenereta haijajikata. Mkiona mwanga mkali umekusanyika kwenye ncha moja ya koili, na kioo hapo kinachoma kuliko kwingine, bado mko kwenye hali ya kwanza hata kama wati ni nyingi, na kioo kitapasuka. Feni isimame kando muda wote.

Maji ya koili ndiyo yanayowashinda wengi Pwani. Vitabu vinasema maji ya nyuzi 18. Vimeandikwa kwa maabara za nchi za baridi. Miezi ya kaskazi, umande wa hewa yetu unaanza kwenye nyuzi 24 au 25, kwa hiyo bomba la nyuzi 18 linatoa jasho, jasho linadondokea kihami, limechanganyika na chumvi ya bahari, na volti 1,400 zinapata barabara. Mtaona mstari mweusi kama wa kalamu kwenye plastiki. Hiyo haisafishwi, inabadilishwa. Wekeni maji kwenye nyuzi 28 hadi 30. Lita 1 kwa dakika ikibeba wati 300 zote inapanda nyuzi 4 na kidogo tu, haina shida. Yawe maji ya betri yanayozunguka kwenye ndoo safi, kamwe yasiwe ya kisima cha kisiwani: chumvi yake inapitisha umeme na kuila shaba kutoka ndani.

Stima ikipotea, pampu inasimama na mafuta yake yanavutwa juu hadi kwenye kioo. Mtu mmoja awe karibu na valvu.

Kisha tafadhali sahihisheni jambo moja dogo katika toleo lijalo. Chini ya picha mliandika kwamba boriti ya ITER ni miale. Ni atomu za deuteriamu, nzima, zisizo na chaji, zinazokwenda karibu kilomita 9,800 kwa sekunde.

Walimu na mafundi wa maabara ya umeme na fizikia,
Tudor, Mombasa